Kabla Hujashika Tupa

Mwanangu Nyamizi,

Nimeketi karakana, mlango nimeufunga kwa ndani, na mama yako anadhani napaka mafuta jiliwa la kubania chuma. Mwache adhani. Nimeswali alasiri, jua bado lipo, na ninao muda kidogo kabla hajaniita kuja kukaza kamba ya begi lako, ile ile niliyokwisha kuikaza asubuhi na yeye akaifungua aongeze karanga. Mambo ya nguo, ya dawa ya homa, ya nani wa kumpigia ukifika na nani usimfungulie mlango, amekwisha kukwambia yote, tena kwa sauti ya kusikika mpaka Kitete. Mimi sirudii.

Nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda. Tangu uliponiambia unataka kwenda Ujiji kufanya kazi kwa Mzee Kondo umekuwa ukiniomba radhi, na mimi nimekuwa nikikujibu kwa kikohozi. Kesho treni inaondoka. Najua utapanda hata nisipotamka neno, maana ubishi umeurithi kwangu, lakini najua pia utapanda ukiwa huna raha, na raha hiyo nimekunyima mimi. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, usirukeruke kama unavyosoma magazeti ya mama yako.

Unajua babako ni mtu wa shaka. Mama yako husema hata mwezi wa Ramadhani ukitangazwa redioni mimi natoka uani kuutafuta mwenyewe, na nisipouona nafunga kwa masharti. Hilo amelitia chumvi. Lakini ni kweli nanusa maziwa ya yule mama wa Isevya kila siku, na hajawahi kutuletea yaliyoharibika. Ni kweli dereva wa bajaji akinisalimia kwa heshima nyingi nashika mfuko. Na ulipokuwa chuo cha ufundi nilikuja kusimama ng'ambo ya barabara nione unatoka na nani. Uliniona. Ukavuka, ukaninunulia muwa, ukasema, "Baba, kula basi, kazi ya upelelezi inachosha." Wenzako wakacheka, nami nikala muwa wa watu kwa aibu, huku bado nawatazama wale wavulana wawili waliokuwa nyuma yako.

Kazi yetu inalea shaka, hilo sitaomba msamaha. Mtu akiingia na bunduki naitazama leseni kabla sijamtazama usoni, nasoma namba, nauliza ilikotoka. Fundi wa bunduki asiyeuliza ataulizwa yeye, kituoni, akiwa hana viatu. Tatizo langu ni kwamba shaka hiyo sikuiacha hapa karakana jioni. Nilirudi nayo nyumbani, nikala nayo, nikalala nayo, na mara moja nikaenda nayo msibani. Hapo ndipo nilipomharibia Mzee Kondo, na wewe hujawahi kuisikia habari hiyo kutoka kwangu, ingawa nina shaka bibi yako alikwisha kukudokeza.

Kondo alikuja Tabora akiwa kijana, kutoka Uzaramo, akifuata kazi za reli. Reli haikumtaka. Babu yako, Mzee Maganga, akamkuta amekaa nje ya stesheni anajaribu kurekebisha baiskeli ya mtu kwa kijiko, akampenda, akamleta hapa. Tukajifunza kazi pamoja, mimi na yeye, kwenye meza hii hii, yeye kanizidi miaka michache. Na kwa kuwa yeye Mzaramo na sisi Wanyamwezi, hakukuwa na siku ya amani. Unajua utani wetu na wao ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe kutoka huku mpaka pwani, na watu wa kule wakawa wanawapokea njiani, wanawatukana, wanawalisha, na aliyefia safarini wanamzika. Basi Kondo aliniita mpagazi wake. Kila asubuhi akiingia: "Mpagazi, mzigo wangu uko wapi?" Nami nikimwita mla nazi, mtu wa kucheza ngoma mpaka mahindi yaliwe na nyani. Babu yako akitusikiliza alikuwa anacheka kwa pua, bila kuinua kichwa kwenye kazi.

Babu yako alipofariki, tulimzika vizuri, na siku ya pili ya tanga Kondo akaja kufanya kazi ya mtani. Alivaa aproni ya marehemu. Akachechemea kama alivyokuwa akichechemea, akakohoa kikohozi chake, akamfokea shangazi yangu kwamba chai haina sukari. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na sikucheka. Kisha akaingia karakana, akatoka na sanduku la tupa za mzee za kukwangulia chuma, lote, akalibeba kichwani. "Huyu mzee ameondoka hajanilipa nauli ya kumbeba kutoka Bagamoyo," akasema. "Nachukua hiki. Anayekitaka aje akikomboe kwa kuku." Akaenda zake.

Mila nilizijua, Nyamizi. Usinione mjinga. Najua mtani huchukua kitu msibani na wafiwa hukikomboa. Lakini nilijiambia mtani huchukua sufuria, huchukua kofia ya marehemu, huchukua jogoo; kwa nini huyu achukue tupa? Zile tupa babu yako alizitunza kama macho, kila moja na kitambaa chake. Nikakaa na swali hilo usiku kucha. Kesho yake nikapita nyumbani kwa Kondo kwa mbali, nikaona wateja wawili wa baba wamekaa barazani kwake. Nikasema, haya, nimeelewa. Anataka karakana. Kachukua zana, sasa anachukua watu.

Ningeweza kuvuka barabara nikamuuliza. Hatua chache tu. Badala yake nikaenda kituoni.

Askari waliokwenda kumchukua walimkuta anakula. Alikuja bila ubishi, sanduku kichwani vile vile, akidhani ni sehemu ya mchezo, hata akamwambia askari mmoja, "Huyu mpagazi wangu siku hizi ana walinzi." Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mtu wa Nzega, mambo hayo anayajua. Akaniuliza polepole, kama mtu anayekupa nafasi: "Kijana, huyu si mtani wako?"

Nikasema, "Huyu si mtani wangu."

Kondo alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba mikono yetu ilikuwa inagusana. Aliliteremsha sanduku, akaliweka juu ya kaunta, akalisogeza kwangu kwa vidole viwili. Wazee wakaja jioni wakazungumza, mambo yakaisha kama mambo yanavyoisha, hakuna kesi. Lakini kabla ya tanga kuanuliwa Kondo alikuwa amepanda treni ya Kigoma. Hakuniaga. Nilizichukua tupa za baba yangu kutoka kituoni zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, na hakuna mtu aliyeniambia hongera wala pole.

Sasa nikufundishe kitu cha kazi, maana najua ukifika hapa utakuwa unalia na mimi sipendi barua iloe.

Muda si mrefu baada ya hapo aliniletea bunduki bwana mmoja mrina asali, wa pori la Sikonge, mzee mpole, leseni yake safi. Bunduki yake ilikuwa imetoka kufanyiwa kazi na fundi mwingine, na mtutu ulikuwa haukubali kukaa kwenye mwili wake. Ukisukuma unafika karibu na mwisho, kisha unagoma. Babu yako angefanya nini? Wewe unajua. Angewasha kibatari, angepaka masizi yafutike pale panapogusana, angeuliza chuma chenyewe kinaumia wapi. Lakini mimi siku hizo nilikuwa sitaki kuuliza mtu wala kitu. Niliitilia shaka ile bunduki tangu inaingia. Nikasema fundi yule mwingine kaacha chuma kingi, nikashika tupa ya baba, nikaanza kukwangua pale nilipodhani panabana. Nikajaribu, bado. Nikakwangua kwingine. Bado. Nikakwangua tena, kwa hasira sasa, na ghafla ukaingia. Uliingia kama mlango wa choo cha sokoni. Nikautikisa, ukacheza huku na huku, kloko, kloko.

Chuma ukikitoa hakirudi. Nilikaa nikiutikisa ule mtutu kama mtu anayetikisa mtungi akitumaini bado una maji. Tatizo lenyewe nililiona baadaye: chembe ya takataka ngumu, ndogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa imekaa pembeni ndani. Ningeitoa kwa njiti. Nilimwambia yule mzee bunduki yake haifai tena kupigwa, ingemuua. Hakunigombeza. Aliifunga kwenye turubai lake, akaniachia chupa ya asali aliyokuwa ameniletea, na hiyo asali sikuweza kuila. Mama yako, wakati huo ni mchumba tu, ndiye aliyeila, na hajui mpaka leo kwa nini nilimpa yote.

Ndiyo maana, mwanangu, nilikuweka miaka yote upande wa kusafisha na kupaka mafuta, na tupa nikazifungia. Ulidhani ni kwa kuwa wewe ni binti. Majirani walidhani hivyo, na mimi niliwaacha wadhani, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema kweli. Sikutaka nikuone umekosea mbele yangu kama nilivyokosea. Ni ulinzi wa kijinga, nakiri.

Kisha akaja huyu bwana wa michikichi.

Unamkumbuka alivyoingia, na ile kofia yake ya sufu kwenye jua la mchana. Mkulima wa Kigoma, amekuja kuwatembelea wakwe zake Isevya, na mkononi ana bunduki ndogo ya kufukuzia nyani, ya namna ile ya nusu mbili: ya juu yenye mtutu, ya chini yenye kifyatulio na kitako, zinashikwa pamoja na pini mbili. Nusu ya juu haikubali kushuka juu ya ya chini. Ameigonga na nyundo ya mpira mpaka ikakataa kabisa. Akasema maneno yale: "Fundi Kondo wa Ujiji macho yamepungua. Kaniambia nikifika Tabora niilete kwa mtoto wa Maganga. Kasema pia anatafuta kijana wa kumsaidia, kama mnaye."

Uliona nilivyobadilika. Niliitazama namba: ipo kwenye nusu ya chini tu, ya juu haina. Kichwa changu kikaanza kusaga. Nikajiambia, hizi ni bunduki mbili zilizoozeshwa kwa nguvu, ndiyo maana hazipatani. Kondo amezituma. Miaka yote hii amengoja, sasa anataka nikutwe na kitu haramu mezani, nisimame pale pale alipokuwa amesimama. Nilimwacha yule bwana anakunywa chai, nikaenda kituoni na kitabu chake cha leseni mfukoni. Wakaangalia, wakasema ni halali, bunduki za namna hiyo zina namba upande mmoja. Nikarudi. Saa moja baadaye nikaenda tena kumuuliza askari mwingine. Yule wa pili akaniambia, "Mzee, kwani unataka iwe ya wizi?"

Nilipokuwa nafungua kabati la tupa uliniwekea mkono juu ya mkono wangu. Hujawahi kunifanyia hivyo.

"Baba, kabla hujashika tupa, niipake masizi kwanza."

"Masizi ya nini?"

"Tuone inapoumia."

Niliketi kwenye stuli nikakutazama. Ulihakikisha kwanza haina risasi, ukahakikisha tena, hapo nikakusifu kimoyomoyo. Ukawasha kibatari, ukaupitisha moshi wake kwenye uso wote wa chini wa ile nusu ya juu mpaka ukawa mweusi tii. Ukaikalisha juu ya mwenzake kwa mikono tu, bila kugonga, ukaiinua. Weusi ulikuwa umebaki kila mahali isipokuwa nyuma, kwenye kona mbili, ambapo palikuwa panang'aa. Ukazitazama zile kona kwa kioo cha kukuzia. Ukamgeukia yule bwana: "Mzee, uliipaka rangi?"

Akaona haya. "Hewa ya ziwa ina kutu, binti yangu. Niliipaka. Rangi ya geti."

Rangi ya geti! Ilikuwa imejikusanya kwenye kona ikakauka kama uji uliosahaulika sufuriani. Ulichonga kijiti cha mwanzi, ukaikwangua ile rangi taratibu, ukapaka masizi, ukajaribu, ukakwangua. Hukutoa chuma hata kidogo. Ulipomaliza uliziweka nusu mbili pamoja, ukasukuma kwa kiganja, zikakaa. Bado zilikuwa zimebana kidogo, na nikaona unasita. Nikataka kukwambia ongeza. Lakini ukasema mwenyewe, "Hapa paache pabane. Itakuwa inafunguliwa na kufungwa, itazoeana." Ukatia tone la mafuta kwenye pini.

Baba mwingine angefurahi. Unajua mimi nilifanya nini? Nilianza kujiuliza nani amekufundisha. Mimi sikukufundisha. Chuo chenu kinafundisha mabomba na milango. Nikajiambia: anazungumza na Kondo kwa siri. Wanapigiana simu. Nimeachwa nje ndani ya nyumba yangu. Nilikuuliza mbele ya mgeni, ukajibu, "Bibi," nami nikakutazama kama wewe ni mtu aliyeleta noti ya bandia. Niliyaona macho yako. Hiyo ndiyo sura iliyonikosesha usingizi, siyo safari yako.

Sikukuamini, basi nikaenda kwa mama yangu kuhakikisha. Ndiyo, nilimhoji mama yangu kuhusu binti yangu. Nilimkuta kwake Isevya anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitika, nikamuuliza kama ni kweli amekufundisha mambo ya masizi. Akacheka mpaka ungo ukayumba.

"Unadhani kibatari cha babako alikuwa anakishika nani? Alikuwa na mikono mitatu?"

Nikasema sikujua.

"Hujui mengi wewe. Unajua kwa nini Kondo alichukua yale matupa?"

Nikaketi kizingitini.

"Alikuja kuniaga usiku ule kabla ya treni. Kasema, 'Mama, nilitaka siku ya kuanua tanga, Shabani aje na kuku wake mbele ya watu, nimkabidhi tupa za mzee kwa mkono wangu, watu wote waone kuwa fundi sasa ni yeye.' Hata wale wateja aliwaita barazani akawaambia wasimkimbie mtoto wa Maganga, mkono wake mzuri."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Bibi yako akaacha mchele, akaniangalia kwa huruma ambayo sijaizoea kutoka kwake.

"Uliniuliza lini? Wewe huulizi, mwanangu. Wewe unachunguza."

Nimetembea na maneno hayo kutoka Isevya mpaka hapa kwa miguu, na bodaboda wote walionipigia honi niliwakatalia. Nilikuwa naona haya, Nyamizi. Nilitamani babu yako awe hai anifokee. Kondo alitaka kunikabidhi tupa, na mimi nikamwambia askari si mtani wangu.

Jana mchana nilimpigia Kondo simu. Namba aliniachia yule bwana wa michikichi siku ile, nami niliificha chini ya jiliwa kama mtu anayeficha bangi. Iliita sana. Nikashukuru, nikasema hapokei, nimefanya sehemu yangu. Akapokea.

"Nani?"

"Shabani. Wa Maganga, Tabora."

Nikasikia redio ikizimwa.

"Shabani yupi? Yule mpagazi wangu aliyekimbia na mzigo?"

Nilikuwa nimepanga maneno, Nyamizi. Nilikuwa nimeyaswalia. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Kaka Kondo, siku ile nilisema wewe si mtani wangu."

"Nilikusikia. Nilikuwa nimesimama hapo hapo."

"Nisamehe."

"Sikusikii. Mtandao mbaya."

"Nisamehe, kaka."

"Bado. Nyie Wanyamwezi sauti zenu zilibaki kwenye mizigo. Sikiliza, huyo binti mlete, bwana wa michikichi kanionyesha kazi yake, nimeipapasa kwa vidole, hakutoa chuma. Wewe mwenyewe usije. Baki huko uhesabu mijusi, uhakikishe hakuna aliyeibiwa mkia."

Mtani akikutukana hivyo, unajua, lazima umrudishie. Usiporudisha ni kama umekataa mkono wa salamu. Mimi sikurudisha. Nililia kama mtoto, simu nimeiweka mbali asisikie.

"Shabani? Upo?"

"Nipo."

"Basi sema kitu, bwana! Nakutukana bure?"

Nikakata simu.

Nitakwambia ukweli uliobaki. Hata sijafuta machozi, shaka ilikuwa imekwisha kurudi. Ikaniuliza, mbona amesamehe upesi hivyo? Mtu aliyedhalilishwa mbele ya askari, na Mzee Maganga hajaoshwa hata na mvua moja kaburini, anasamehe kwa mzaha? Anamtaka mtoto wako wa nini? Mpaka sasa ninavyoandika inaniuliza. Nimeishi nayo, sidhani itanihama uzeeni. Nilikuwa nangoja iishe ndipo nikupe radhi, na leo nimeelewa kwamba nikingoja hivyo utazeeka kwenye ua huu ukipaka bunduki za watu mafuta.

Basi radhi nakupa nikiwa bado na shaka. Nakupa yote, ya kwenda na ya kukaa, ya kukosea huko na ya kunizidi, ambayo tayari umeianza. Nenda na baraka zangu, mwanangu, na Mungu akutangulie. Kesho stesheni nitakutamkia kwa mdomo pia, na nikianza kukohoa mpige babako mgongoni mpaka itoke.

Shaka moja tu nakuomba uibebe, ile ya mezani. Bunduki yoyote ukiishika, iamini ina risasi mpaka uone kwa macho yako kwamba haina. Akikwambia Kondo ni tupu, angalia. Nikikwambia mimi, angalia. Hiyo si kumvunjia mtu heshima. Lakini mtu akikufanyia jambo usilolielewa, vuka barabara umuulize. Uliza hata kama sauti inatetemeka, uliza hata kama utachekwa.

Mama yako ananiita sasa, kamba ya begi imekatika, kama nilivyojua. Jambo la mwisho. Lile tusi nililoshindwa kulirudisha nimelipata leo wakati wa kutawadha, Mungu anisamehe. Mzee Kondo atakuja kukupokea. Utamjua, atakuwa anagombana na wapagazi wa stesheni. Wewe nawe ni mtani wake, kwa hiyo una ruhusa: usianze na shikamoo. Simama mbele yake, kwa kuwa haoni vizuri sogea karibu, na umwambie kwa sauti watu wote wasikie:

"Baba amesema, wewe mla nazi, usithubutu kufa kabla hajafika. Anataka akuzike kwa mikono yake, na akishamaliza atabeba kila kilichomo ndani ya nyumba yako, mpaka mlango, na hakuna kuku atakayekikomboa."

Babako,
Shabani wa Maganga